Wasiwasi wa udhu na panya wa maabara

Nina rafiki anayerudia udhu mpaka swala ya jamaa inampita. Mtaani wanasema ana shetani, au imani yake haba.

Mwaka 2007, Guoping Feng na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliondoa jeni moja, Sapap3, katika panya. Panya wale wakawa wanajisafisha uso bila kukoma, hadi wakatoka vidonda. Jeni hiyo iliporudishwa katika striatamu, sehemu iliyo ndani ya ubongo, wakatulia. Hata fluoksetini, dawa wanayopewa binadamu wenye maradhi ya kurudiarudia, iliwapa nafuu.

Panya si mtu. Lakini tumeona hitilafu ya ubongo yaweza kumfunga kiumbe asiweze kuacha. Basi dua tuendelee nayo, na daktari tumwendee. Mgonjwa tusimcheke.