Fundi Mzuri wa Gari Utamjuaje?

Gari likianza kuchemka kwenye foleni ya Lower Kabete Road, dawa ambayo mafundi wengi huikimbilia ni kung'oa themostati. Utaambiwa kwamba Kenya hakuna baridi, kwa hivyo kifaa hicho hakina kazi hapa. Mshale wa joto unashuka, unalipa, unaenda zako. Kumbe themostati ndiyo inayoiwezesha injini kufikia joto lake la kazi na kubaki hapo. Bila hiyo injini hukaa baridi na kula petroli zaidi, na kilicholeta tatizo, iwe ni rediata iliyoziba, feni isiyozunguka au pampu ya maji inayovuja, bado kiko pale pale. Siku gasketi ya silinda itakapoungua, bili itakuwa ya kufungua injini.

Fundi mzuri hutafuta chanzo kabla ya kushika spana. Atakuuliza maswali mengi. Kelele huanza asubuhi injini ikiwa baridi, au baada ya kupanda mlima? Taa iliwaka lini? Nani aligusa gari mara ya mwisho? Kisha ataomba mzunguke nalo kidogo asikie mwenyewe. Yule ambaye hajauliza lolote na tayari anakutajia bei ya spea, mwandishi huyu angemkwepa.

Mengi ya magari yetu huletwa kutoka Japani yakiwa yametumika, na kanuni inaruhusu yasiyozidi umri wa miaka 8. Hayo yana kompyuta, na gereji nyingi sasa zina mashine ya kusoma hitilafu. Lakini mashine hutoa msimbo tu, haikutajii kilichoharibika. Msimbo P0171, kwa mfano, husema hewa ni nyingi kuliko petroli. Huenda ni mpira mdogo uliopasuka, huenda ni pampu ya petroli. Fundi anayesoma msimbo na kuagiza pampu papo hapo anabahatisha kwa pesa zako. Ukiwa na gari la haibridi, uliza pia kama amefunzwa kulishughulikia: nyaya zake za rangi ya chungwa hubeba umeme unaoweza kuua.

Usimdharau fundi kwa sababu karakana yake ni ya mabati. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, huwatahini mafundi kwa vitendo, kuanzia Daraja la III hadi la I, wakiwemo waliojifunzia kazini. Kwa hivyo aliyefunzwa na jua kali wa Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan, anaweza kuwa na cheti. Omba kukiona, pamoja na leseni ya biashara ya kaunti.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari. Una haki ya kupewa makadirio ya gharama, kazi isifanywe bila idhini yako, na spea zilizotolewa urudishiwe. Hilo la mwisho wengi hulipuuza. Ukilipia breki pedi mpya, taka uzione zile kuukuu; kama bado ni nene, uliza kwa nini zilibadilishwa. Hifadhi makadirio, risiti na ujumbe wa M-Pesa. Mkikosa kuelewana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, huhitaji wakili, na inatakiwa kuamua kesi ndani ya siku 60.

Kabla ya kuondoka, tazama oili chafu inamwagwa wapi. Fundi makini huikusanya kwenye mtungi. Ile inayomwagwa mtaroni husombwa na mvua hadi mitoni, ukiwemo Mathare, ambao maji yake huishia Mto Nairobi.