Baridi ya Kilimanjaro, Ziwa Jipe na Maji ya Pangani

Mtu asimamaye Pangani mjini, mahali mto uingiapo baharini, akatazama maji mekundu yapitayo mbele yake, si rahisi awaze habari ya baridi. Pwani yetu ya Tanga ni nchi ya joto. Hata mwezi wa Julai, kusi ivumapo, kanzu moja yatosha. Walakini sehemu ya maji hayo imetoka katika miteremko ya mlima ambao kileleni mwake maji huganda kuwa mawe. Katika habari hii twapenda kueleza jinsi nchi ile ya juu ilivyo, na jinsi hali yake itufikiavyo sisi tulio chini.

Wako wasemao kwamba kilele cha mlima ki karibu na jua, basi ingepasa kiwe na joto zaidi. Sivyo. Jua hupasha ardhi kwanza, na ardhi ndiyo ipashayo hewa iliyo juu yake. Tena hewa ipandapo hutanuka, na itanukapo hupoa. Kwa kila meta 1,000 za kupanda, joto hupungua kadiri ya digrii 6. Msafiri atokaye Mombo kwenda Lushoto ayajua haya kwa ngozi yake: chini jasho lamtoka, na baada ya ile barabara ya mizunguko aomba blanketi. Lushoto ni kama meta 1,400 juu ya bahari. Kilele cha Kibo ni meta 5,895. Mwenye kupenda hesabu na aanze na digrii 27 za Tanga, atoe mwenyewe, naye ataona kwamba atapita sifuri, yaani pale maji yagandapo.

Rebmann, mmisionari aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, aliuona weupe ule mwaka 1848. Kiongozi wake hakuwa na jina la kitu kile, akakiita “baridi” tu. Rebmann alipoandika habari hiyo, mabingwa wengine wa Ulaya walimbishia kwa miaka mingi, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na mstari wa ikweta. Sisi twaona yule kiongozi alikuwa amekwisha kueleza jambo kuliko mabingwa.

Lakini baridi ya mlima wetu si sawa na baridi ya nchi za kaskazini ya dunia. Huko Kanada liko ziwa liitwalo Great Bear Lake, kubwa sana, ambalo hufunikwa na barafu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Barafu ile hukaa juu wala haizami, kwa kuwa maji yagandapo huwa mepesi. Mwalimu akitia kipande cha barafu katika bilauri ya maji, watoto wataliona jambo hili. Ndiyo sababu samaki huishi salama chini ya kifuniko kile. Kwao baridi huja kwa majira. Juu ya Kilimanjaro majira hayo yaja kila siku: usiku ni kipupwe kikali, na mchana jua lachoma.

Hapa twataka kusahihisha dhana moja. Watu wengi hufikiri kwamba mito itokayo Kilimanjaro hunywa barafu, na kwamba barafu ikiisha mito nayo itakauka. Kweli barafu inakwisha: tangu mwaka 1912 zaidi ya sehemu nane katika kumi zimetoweka. Lakini nyingi hugeuka mvuke katika hewa kavu ya juu, na maji yake yateremkayo mitoni ni kidogo sana. Mito hulishwa na mvua na ukungu wa msituni. Upande wa kusini, kadiri ya meta 2,000 na zaidi kidogo, ndipo mvua inaponyesha kwa wingi. Na miti mirefu yenye kuvu na ndevu hukamata ukungu, ikaudondosha chini tone kwa tone. Kwa hiyo moto uunguzao msitu wa juu wapunguza maji kuliko jua liyeyushalo barafu. Moto wa Oktoba 2020 uliwaka kwa siku nyingi, na nchi nzima iliuona.

Katika maji ya upande wa mashariki, Mto Lumi huteremka na kuingia Ziwa Jipe, lililo mpakani mwa Tanzania na Kenya, chini ya milima ya Upare wa kaskazini. Ziwa hili si kama jirani yake Chala, lililo shimo refu la volkano lilishwalo na maji ya chini ya ardhi. Jipe ni pana na fupi kwa kina. Mtu mrefu mwenye upondo hufika chini mahali pengi. Kandokando yake ni nchi kavu, kwa kuwa milima imezuia mawingu, na jua hunyonya maji mengi kuliko mvua iletayo. Mito inapoleta udongo wa mashamba ya milimani, ziwa hujaa tope, na juu ya tope huota matete na mafunjo. Hayo yamefunga njia hata wavuvi wa upande wa Mwanga hutaabika kuufikia uwazi wa maji, na Mto Ruvu, ndio mlango wa kutokea, umesongwa vivyo hivyo.

Ruvu hukutana na Kikuletwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, na kutoka hapo ndipo Pangani huanza safari yake. Chini, kule Hale, maji hayo yamezungusha mitambo ya umeme tangu mwaka 1964.

Yabakiayo ndiyo yafikayo Pangani mjini. Mto ukija na nguvu, huisukuma bahari nje. Ukija dhaifu, bahari hupanda mtoni, hasa wakati wa bamvua, na wenye mashamba ya kingoni huonja chumvi katika maji waliyozoea kunywa.