Kigogota hauui mnazi

MKAZI wa Shika Adabu, huko Likoni, anayesikia mti ukigongwa asubuhi na mapema huenda akadhani kuna seremala aliyewahi kazini. Mara nyingi huyo ni kigogota, ndege ambaye wengi humsikia pasipo kumtambua.

Anayeonekana kwa wingi zaidi mashambani ni yule mdogo, mwenye urefu wa sentimita 15 hivi, ambaye wanasayansi humwita Dendropicos fuscescens. Kifua chake ni cheupe chenye michirizi myeusi, na paji la uso ni la kahawia. Dume ana utosi mwekundu, ilhali wa jike ni mweusi. Hutembea wawili wawili, wakikagua vijiti vyembamba na hata mabua ya mahindi.

Asichanganywe na kigogota wa Mombasa, Campethera mombassica, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1884 na Wajerumani Fischer na Reichenow. Huyo ni mkubwa zaidi, ana mgongo wa kijani na hula sana chungu. Licha ya jina lake, hupendelea misitu kama Arabuko-Sokoke kuliko viunga vya mji.

Kugonga kwake kuna maana mbili. Akidonoa polepole, bila mpangilio, anatafuta mabuu ndani ya mti. Akipiga kwa kasi mfululizo kama ngoma, anatangaza mipaka yake. Vidole viwili vya mbele na viwili vya nyuma humshika kwenye gome, nao mkia mgumu humwegemeza.

Lawama inayomfuata ni kwamba huua minazi. Hilo si kweli. Mharibifu ni chonga, mdudu mkubwa mweusi mwenye pembe, anayetoboa kilele cha mnazi na kula moyo wake. Kigogota huchimba kiota katika mti uliokwisha kufa au kuoza, na tundu akilihama huingia ndege wengine wasioweza kujichimbia.

Hapa mwenye shamba ana mtihani kidogo, maana chonga naye huzaliana katika magogo ya minazi yanayooza. Gogo la mnazi lililoanguka lipasuliwe na kuchomwa. Lakini tawi kavu la mwembe au mkanju, lisilotishia paa la mtu, halina sababu ya kukatwa. Na kabla ya kutia shoka, litazamwe kwanza: tundu la mviringo lenye vumbi jipya la mbao chini yake huenda lina makinda.