Kutengeneza Kiti Kikuukuu

Kiti kikichakaa, rangi yake ikabanduka na kamba za kukalia zikakatika, watu wengi hukipasua kuni. Lakini kama mbao zake ni nzima, chaweza kukaliwa miaka mingi tena. Kazi hiyo ina taratibu yake, na mwenye kuigeuza hupata hasara.

Kwanza ni viungo. Kamba kuukuu hukatwa zote, kisha kiti hutikiswa. Kiungo kilicholegea hufunguliwa na gundi ya zamani hukwanguliwa, maana gundi mpya hushika mti mtupu, haishiki gundi kavu. Kikiisha kutiwa gundi, hufungwa kwa nguvu mpaka siku ya pili. Fundi asiye mwaminifu hupaka rangi juu ya ufa. Kiti hupendeza machoni, lakini mzee akikikalia humwangusha.

Pili ni kusugua, ili rangi ipate kushika. Zamani mafundi wa pwani walisugulia majani ya mti uitwao msasa, yakwaruzayo kama tupa. Ndiyo sababu karatasi ya kusugulia mbao huitwa msasa hata leo. Lakini iko hatari: rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Basi rangi kuukuu isisuguliwe kavu. Mtu mzima ailowanishe kwanza, aisugue nje, na watoto wakae mbali.

Tatu ni rangi. Hupakwa nyembamba mara 2, na ya kwanza hukauka kabisa kabla ya kupakwa ya pili. Rangi nene hukauka juu tu, ikabaki mbichi ndani na kufanya makunyanzi.

Mwisho ni kusuka, rangi isije ikachafua kamba. Kamba nzuri ni ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi yaliyofukiwa ufukoni miezi mingi mpaka yakalainika. Msukaji hutandika kamba za upande mmoja, kisha hupitisha za upande wa pili, juu ya moja na chini ya moja. Zikikazwa sawasawa, uzito wa mtu hugawanyika katika zote. Zikikazwa ovyo, chache huchukua mzigo, nazo hukatika upesi.

Kamba moja ikikatika baadaye, ibadilishwe siku ile ile. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta."