Mchanga wa Matumbawe Hupata Wapi Nguvu?

Tukisikia habari za nyumba iliyojengwa juu ya mchanga, tunawaza anguko. Lakini wapo watu wasio na pengine pa kujenga. Katika visiwa vya Maldivi, sehemu kubwa ya ardhi haifiki mita moja juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1997 ilianza kazi ya kujaza kisiwa cha Hulhumalé kwa mchanga uliotolewa chini ya bahari, na leo maelfu ya watu wanaishi juu yake. Kwao, uimara wa mchanga ni suala la uhai.

Mchanga huo si kama wa mtoni. Ni mabaki ya matumbawe na makombe, mengine yakiwa yamesagwa na meno ya samaki aitwaye pono. Punje zake zina kona kali, hivyo hushikana vizuri. Lakini ndani zina matundu, hivyo huvunjika zikibanwa sana. Punje kubwa huwa na matundu na nyufa nyingi zaidi, kwa hiyo hupasuka mapema. Ndogo hugusana mahali pengi na kugawana mzigo.

Ili kuuimarisha mchanga, wahandisi hutandaza nyavu za plastiki kati ya matabaka yake. Chuma kingeliwa na kutu kwa sababu ya chumvi. Punje zikiingia katika macho ya wavu na kukwama humo, mchanga na wavu hubeba mzigo pamoja. Zikiwa ndogo mno, hupenya. Zikiwa kubwa kupita macho, hukaa juu tu.

Na joto je? Joto la kawaida la mazingira haliidhuru punje, hulegeza plastiki. Wavu wenye joto hunyumbuka zaidi, na ukibeba mzigo kwa miaka mingi hurefuka polepole. Kwa kawaida maabara hupima nyavu katika nyuzi joto 20 za Selsiasi, ilhali wastani wa joto la hewa Maldivi ni takriban 28, na mchanga unaopigwa na jua huwa wa moto zaidi. Anayenakili namba ya maabara bila kuirekebisha anawajengea watu wa visiwani ukuta wa nchi ya baridi.

Sisi tunaosoma falsafa tuna la kujifunza hapa. Uimara haumo ndani ya punje peke yake, wala ndani ya wavu peke yake. Umo katika kushikana kwao, na hupimwa pale wanapoishi watu.