Ruhusa Katika Kompyuta Kuu ya Pamoja

Katibu akiweza kulifungua daftari la mapokezi ya mazao lakini akashindwa kuhifadhi alichoandika, mara nyingi kasoro si ya programu bali ni ya ruhusa: amepewa kusoma, hakupewa kuandika. Katika mfumo wa Windows milango ni miwili, ruhusa ya mtandao na ruhusa ya folda. Iliyo finyu zaidi ndiyo itumikayo. Kwa hiyo zote mbili zikaguliwe. Ruhusa zitolewe kwa kikundi cha kazi, na anayeongezwa kikundini atoke kwenye mfumo na kuingia upya. Kuwapa wote mamlaka kamili kwa nywila moja si dawa: hesabu za wakulima zaweza kubadilishwa, wala asijulikane aliyezibadili.