Nyuzi 450: kwa nini tunachoma utando wa titani dayoksaidi

Weupe wa rangi ya ukutani kwako, mara nyingi, ni titani dayoksaidi. Iko pia kwenye dawa nyingi za meno. Sisi maabara tunaipaka juu ya kioo, utando mwembamba kuliko unywele, tupate seli ya jua. Lakini utando ukishapakwa tu haufai kitu. Lazima uingie tanurini kwanza.

Tuseme umepaka kimiminika na kimekauka. Humo ndani atomi zimekaa ovyo ovyo, kama abiria wanaogombania daladala, na katikati yao kuna mabaki ya maji na kemikali. Elektroni ikitaka kupita inanasa. Ukipasha moto maji yanatoka, mabaki yanaungua, utando unasinyaa. Ukifika kama nyuzi 400 hadi 450 za Selsiasi, atomi zinajipanga kuwa fuwele inayoitwa anatasi. Sasa njia ipo.

Mwaka 1991 Brian O'Regan na Michael Grätzel walionyesha seli ya jua yenye utando wa namna hii, unene wake mikromita 10 tu, uliojengwa kwa chembe ndogo sana zilizobeba rangi ya kunasa mwanga. Chembe hizo ni moto unaozishikanisha. Mfinyanzi anaijua hii: chungu kibichi ukikitia maji kinarudi kuwa tope, kilichochomwa hakirudi. Na hakuna kilichoyeyuka, maana titani dayoksaidi inayeyuka juu ya nyuzi 1,800 huko.

Basi si tuchome hadi 800 tumalize? Hapana. Moto ukizidi, chembe zinamezana na kuwa kubwa, nafasi ya kubeba rangi inapungua. Kwenye nyuzi 600 au 700 hivi (inategemea ulivyoutengeneza) anatasi inaanza kugeuka rutili, na ukiipoza hairudi tena. Katika seli hizi anatasi ndiyo tunayoitaka. Halafu kuna kioo chenyewe: cha kawaida ukikaribia nyuzi 600 kinaanza kupinda, na sodiamu yake inapanda kuchafua utando.

Kuna jambo lingine, nililijua kwa hasara. Mwaka wa kwanza wa masta niliona saa zinakwenda, nikafungua tanuri likiwa bado kwenye nyuzi mia mbili na kitu. Nikasikia *ta!* Vioo viwili vikapasuka, na kwenye vilivyobaki utando ukabanduka kama magamba. Kioo na utando havisinyai kwa kiasi kimoja. Ukivipoza ghafla vinavutana hadi kimoja kiachie. Wiki tatu za kazi, zikaisha hivyo.

Siku hizi napandisha joto nyuzi chache kwa dakika, nikizima naondoka, nafungua kesho asubuhi. Kwa hiyo ukisoma mahali "nyuzi 450, dakika 30", uliza walipanda na kushuka kwa kasi gani. Na kwenye daftari lako, iandike.